Kuwaandaa walimu kufundisha elimu ya afya shuleni: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Majibu haya yameandikwa kwa ajili ya wanaoandaa mafunzo, wakufunzi na walimu wakuu. Mengi kati yake yanarudi kwenye jambo moja: mwalimu hujifunza kufundisha afya kwa kuifundisha mbele ya watu watakaomwambia ukweli. Kukaa siku tatu akisikiliza mihadhara kuhusu magonjwa humwongezea maarifa, lakini darasani anarudi kufundisha vilevile alivyokuwa akifundisha.

Nani ahudhurie? Si kazi ya mwalimu wa sayansi?

Mwalimu wa sayansi ana faida ya kujua mwili unavyofanya kazi. Lakini elimu ya afya inadai pia kuongoza mazungumzo, kusikiliza bila kuhukumu na kumfundisha mtoto kusema hapana, na hayo hayategemei somo ambalo mwalimu alisomea. Kigezo kizuri kuliko cheti ni kuuliza: wanafunzi wakiwa na shida, humwendea nani? Huyo ndiye wa kumleta.

Kila shule ilete walimu wasiopungua wawili, mwanamke na mwanamume. Mmoja akihamishwa, kazi haifi naye. Mwalimu mkuu naye ahudhurie, hata kama ni nusu siku ya kwanza tu, kwa sababu ratiba, maji na sabuni viko mikononi mwake. Mwalimu aliyefundishwa vizuri na kukosa kipindi kwenye ratiba hatafanya lolote.

Siku ngapi zinatosha, na washiriki wangapi?

Siku 4 au 5 kwa awamu ya kwanza, kisha siku 1 ya kurudi pamoja baada ya wiki kadhaa za kufundisha. Kuhusu idadi, piga hesabu kabla ya kutuma mialiko. Kila mshiriki anahitaji dakika 15 za kufundisha somo la majaribio na dakika 10 za kupewa maoni. Washiriki 24 ni dakika 600, yaani saa 10. Wakigawanywa makundi mawili yenye mkufunzi mmoja kila moja, ni saa 5, na siku moja inatosha. Washiriki 60 na mkufunzi mmoja ni saa 25. Hapo ndipo waandaaji hufuta mazoezi na kubaki na mihadhara, na mafunzo yanakuwa yamekufa hata kabla hayajaanza.

Ukipewa siku moja tu, usijaribu kugusa kila kitu. Chukua mada moja, kwa mfano kunawa mikono au huduma ya kwanza, na uwafikishe walimu mahali pa kuifundisha bila kukutazama.

Siku hizo zigawanywe vipi?

Kanuni ya kwanza: mkufunzi asizungumze zaidi ya theluthi moja ya muda. Siku ya 1 ni ya kupima wanachojua, kuzungumzia imani na aibu walizokuja nazo, na kusahihisha makosa ya msingi. Asubuhi ya siku ya 2 mkufunzi afundishe somo kamili la dakika 40 huku walimu wakiwa wanafunzi, kisha walivunjevunje pamoja: alianza vipi, aliuliza nini, kimya kilipoingia alifanya nini. Somo hilo litangulie nadharia. Mtu aliyeliona somo linalofaa huielewa nadharia kwa haraka, ilhali aliyepewa nadharia kwanza hubaki akikisia. Alasiri waandike maandalio ya somo. Siku ya 3 na ya 4 wafundishe, na siku ya 5 wapange kazi za shule zao.

Somo la majaribio linaendeshwaje hasa?

Hiki ndicho kiini cha mafunzo yote, kwa hiyo tunakieleza kwa kirefu.

1. Mwalimu aandike lengo moja linaloanza na tendo linaloonekana: "mwanafunzi aonyeshe", "ataje", "akatae", "achanganye". Lengo la "aelewe umuhimu wa usafi" lirudishwe, kwa sababu hakuna anayeweza kuona kama limetimia.
2. Wenzake wawe wanafunzi wa umri uliotajwa. Wawili wapewe vikaratasi kwa siri: mmoja aulize swali la aibu, mwingine acheke wakati usiofaa. Darasani hayo yatatokea, na ni heri yatokee kwanza hapa.
3. Watazamaji wagawiwe kazi. Mmoja ashike saa na kuandika dakika ambazo mwalimu alizungumza peke yake. Mwingine ahesabu wanafunzi waliosema lolote. Wa tatu aandike kila taarifa ya afya iliyotamkwa, ili ikaguliwe.
4. Baada ya somo, aliyefundisha aanze yeye: kipi kilikwenda sawa, kipi angebadilisha. Ndipo watazamaji wasome walichoandika. "Ulizungumza dakika 11 kati ya 15, na waliojibu ni watatu" humsaidia kuliko "ulijitahidi sana, hongera".
5. Kichaguliwe kitu kimoja cha kurekebisha, kisha afundishe tena dakika 5 za sehemu ile ile, papo hapo.

Hatua ya 5 ndiyo inayorukwa mara nyingi kwa kisingizio cha muda, nayo ndiyo inayombadilisha mwalimu. Watafiti wa Marekani Bruce Joyce na Beverly Showers walieleza tangu miaka ya 1980 kwamba maelezo na maonyesho peke yake hayahamii darasani kwa kiasi cha kutosha. Kinachohamisha ujuzi ni mazoezi, maoni ya wenzake, na mtu wa kumfuatilia mwalimu akiwa kazini.

Kosa jingine la kawaida ni mwalimu kutaka kumaliza mada nzima ndani ya dakika 15. Mzuie. Afundishe kipande kimoja hadi kieleweke.

Mwalimu anahitaji kujua mambo ya tiba kiasi gani?

Machache, lakini ayajue kwa usahihi, maana taarifa nusu ni hatari. Mambo haya hukosewa mara kwa mara hata na walimu wazoefu:

Maji ya chumvi na sukari kwa anayeharisha, pale ambapo pakiti iliyotengenezwa tayari haipo: lita 1 ya maji safi, vijiko 6 vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chai cha chumvi, vyote vikiwa vimesawazishwa juu. Watu hubadilisha vipimo vya chumvi na sukari, au hutumia kijiko cha mezani. Chumvi ikizidi humdhuru mtoto. Usiishie kuandika ubaoni: leta vijiko, chupa na maji, na kila mshiriki apime kwa mkono wake.

Aliyeungua: maji ya kawaida yanayotiririka kwa dakika 20. Barafu, dawa ya meno na mafuta haviwekwi.

Damu ya pua: akae, ainame mbele, abane sehemu laini ya pua kwa dakika 10 hadi 15 bila kuachia ili kuchungulia. Kuinua kichwa nyuma kunapeleka damu kooni.

Mwanafunzi aliyeanguka kifafa: ondoa vitu vigumu karibu naye, weka kitu laini chini ya kichwa, tazama saa. Usimtie kijiko wala kitu chochote mdomoni, wala usimkandamize mikono. Mtikisiko ukiisha, mlaze ubavu. Ukizidi dakika 5, ita msaada wa dharura. Na hili lisemwe waziwazi mbele ya walimu wote: povu la mwenye kifafa haliambukizi. Watoto wangapi wameachwa chini peke yao kwa sababu ya imani hiyo!

Zaidi ya hapo, mwalimu afundishwe kutamka sentensi moja bila haya: "Sijui, nitauliza, nitawajibu Alhamisi." Kisha Alhamisi ajibu kweli.

Wanafunzi wanajua kila kitu kuhusu usafi. Mbona hawafanyi?

Kwa sababu kujua ni sehemu ndogo ya safari. Mwanafunzi anaweza kuimba hatua zote za kunawa mikono na asinawe, kwa kuwa kati ya choo na darasa hakuna maji wala sabuni. Somo bila bomba au ndoo yenye koki ni kumtesa mtoto kwa kumdai asichoweza. Ndiyo maana mfumo wa FRESH, mpango wa kimataifa wa afya shuleni uliozinduliwa Dakar, Senegal, mwaka 2000, uliweka pamoja mambo manne: sera za shule, maji na usafi, elimu ya afya inayojenga stadi, na huduma za afya shuleni. Mwalimu aondoke akijua kwamba yeye ni nguzo moja tu, na kwamba ana haki ya kudai nyingine tatu.

Kwa upande wa somo lenyewe, afundishwe kupita "kujua" hadi "kuweza". Kunawa kikamilifu, kuanzia kulowesha mikono hadi kuikausha, huchukua sekunde 40 hadi 60. Zoezi rahisi: mwanafunzi apake mikononi mafuta kidogo yaliyochanganywa na vumbi la chaki ya rangi. Mmoja anawe kwa maji matupu, mwingine kwa sabuni, wote kwa muda sawa, kisha darasa litazame mabaki kwenye kucha na katikati ya vidole. Zoezi hili halisahauliki.

Kwa mada za tabia, kama kukataa sigara au kuomba msaada, stadi inayofundishwa ni mazungumzo. Shirika la Afya Duniani liliorodhesha stadi kumi za maisha miaka ya 1990, zikiwemo kufanya uamuzi, kutatua matatizo, kuwasiliana, kujitambua, na kukabiliana na hisia na msongo. Usizifundishe kama orodha ya kukariri. Kila moja ipewe zoezi.

Kuwatisha wanafunzi kwa picha na visa vya kutisha kunasaidia?

Kwa siku mbili tatu, pengine. Mtoto aliyetishwa bila kupewa njia ya kufanya huziba masikio, au hujiambia kwamba hayo ni ya wengine. Mfano unaojulikana ni D.A.R.E., mpango ulioanza Los Angeles mwaka 1983 na kuwapeleka polisi madarasani kuwaonya watoto kuhusu dawa za kulevya. Ulipendwa sana na wazazi, lakini tathmini zilizofuata hazikuona kwamba ulipunguza matumizi kwa namna ya kudumu, na mtaala wake ukaja kubadilishwa.

Kuna kosa la pili linalofanana: kusema "siku hizi vijana wote wanavuta". Anayesikia huona kwamba kuvuta ndiko kwa kawaida, na yeye ndiye aliyebaki nyuma.

Igizo dhima, yaani wanafunzi kucheza nafasi za watu wengine, hugeuka vichekesho. Tuache?

Msiache, rekebisheni. Hugeuka vichekesho kwa sababu tatu: linachezwa mbele ya darasa zima, ni refu, na wahusika hawakuambiwa wanachopaswa kufikia. Wagawe wanafunzi wawili wawili, kila jozi icheze kwa wakati mmoja, dakika 2 tu, kisha wabadilishane nafasi. Wape sentensi ya kuanzia: "Rafiki yako anakusukumia sigara na kusema usiwe mwoga. Mkatae mara tatu kwa maneno tofauti." Kila jozi ikiwa kazini, hakuna hadhira ya kuchekesha. Baada ya hapo uliza: ni maneno gani yalifanya kazi? Mwisho watoke kwenye nafasi walizocheza, mwalimu akisema waziwazi kwamba sasa kila mtu ni yeye mwenyewe, hasa aliyecheza mtu mbaya.

Walimu wanaona haya kutamka majina ya viungo vya uzazi.

Haya hiyo ni ya kweli, na haiondoki kwa kuambiwa "msione haya". Inaondoka kwa kutamka. Anza na jozi za jinsia moja, wasomeane: uke, uume, korodani, mfuko wa uzazi, hedhi, ndoto nyevu. Kisha makundi ya wanne, kisha mbele ya wote. Watacheka mara ya kwanza, waache. Mara ya tatu kicheko kinakuwa kimekwisha. Mwalimu anayesema "kule chini" anamfundisha mtoto kwamba sehemu hiyo haina jina, na mtoto asiye na jina la kiungo hushindwa kueleza anapoguswa vibaya.

Taarifa nazo ziwe sahihi: hedhi huchukua siku 2 hadi 7, na kwa wasichana walioanza karibuni mzunguko unaweza kuwa kati ya siku 21 na 45 bila kuwa ugonjwa. Wavulana wafundishwe hayo hayo. Mnaweza kuwatenganisha kwa ajili ya maswali, lakini somo liwe moja. Mvulana aliyefungiwa nje ya somo la hedhi ndiye atakayemcheka msichana mwenye doa kwenye sketi.

Kisanduku cha maswali kinatumikaje vizuri?

Kila mwanafunzi aandike kitu, hata "sina swali", ili asionekane nani ana swali. Karatasi ziwe za ukubwa mmoja, bila majina, na mwalimu azisome nyumbani kabla ya kujibu. Asijaribu kamwe kutambua mwandiko; akifanya hivyo mara moja, kisanduku kimekufa.

Katika mafunzo, wagawie walimu maswali 12 magumu na kila mmoja ajibu lake kwa dakika moja: asante kwa swali, ukweli kwa lugha nyepesi, kisha mahali pa kupata msaada. Swali likiwa la imani au maadili ya familia, aseme kwamba watu hutofautiana, na amwelekeze mwanafunzi kwa mtu mzima anayemwamini. Maoni yake binafsi ayaweke kando.

Mwanafunzi akimfunulia mwalimu kwamba anaumizwa?

Ukiendesha somo zuri kuhusu mwili na usalama, hili litatokea, na mwalimu asiyeandaliwa anaweza kuongeza maumivu. Afanye hivi: asikilize kwa utulivu, aseme "umefanya vizuri kuniambia, si kosa lako", asiahidi siri. Maneno ya kutumia ni "nitalazimika kuwaambia wale tu wanaoweza kukulinda". Asimhoji kwa undani; kazi ya uchunguzi ni ya wengine, na maswali mengi huharibu ushahidi na kumchosha mtoto. Aandike maneno ya mtoto kama yalivyosemwa, tarehe na saa, kisha atoe taarifa siku hiyo hiyo kwa utaratibu wa shule na sheria. Asimwite anayetuhumiwa, wala mzazi kabla ya kujua kama mzazi huyo ndiye mtuhumiwa.

Kwa hiyo kabla ya mafunzo kwisha, kila shule iwe na ukurasa mmoja wenye huduma za karibu: ulinzi wa mtoto, kituo cha afya, mnasihi, pamoja na namba za simu zilizopigwa na kuthibitishwa. Na mkufunzi akumbuke kwamba miongoni mwa washiriki huenda wapo waliopitia hayo. Waambiwe mapema kwamba mtu anaweza kutoka chumbani bila kueleza sababu.

Afya ya akili nayo?

Ndiyo, kwa mpaka ulio wazi. Mwalimu hatibu. Anatambua mabadiliko ya ghafla, kujitenga, usingizi darasani, masomo kuporomoka, na anamuunganisha mtoto na msaada. Afundishwe pia kwamba kumuuliza kijana waziwazi kama anawaza kujiua hakumpandikizii wazo hilo. Akijibu ndiyo, asiachwe peke yake mpaka msaada ufike.

Wazazi wakipinga mada za balehe na uzazi?

Kutana nao kabla ya somo la kwanza, na uwaonyeshe maandalio na picha zenyewe. Hofu nyingi hutokana na kudhani kinachofundishwa. Mwongozo wa UNESCO kuhusu elimu ya jinsia, uliotoka mwaka 2009 na kuboreshwa mwaka 2018, unapanga mada kwa makundi ya umri, kuanzia miaka 5 hadi 8, na unaeleza kwamba elimu hii haiwaharakishi vijana kuanza ngono. Mwalimu afanye mazoezi ya kulisema hilo mbele ya mzazi mwenye hasira, mwenzake akiwa ndiye mzazi.

Tufundishe wachache, nao wakawafundishe wenzao?

Njia hii ni rahisi kwa bajeti na ngumu kwa ubora. Katika kila ngazi kitu kinadondoka: kwanza mazoezi, kisha maswali, na mwisho hubaki karatasi zinazosomwa kwa sauti. Ikiwa hamna njia nyingine, ngazi zisizidi mbili, saa za ngazi ya pili zisipunguzwe, na asiwe mkufunzi yeyote ambaye hajafundisha mada hizo kwa wanafunzi halisi angalau mara tatu.

Darasa lina wanafunzi 80.

Jozi za walioketi pamoja, na makundi ya 8 yenye kiongozi aliyeandaliwa siku moja kabla. Swali moja, dakika 3, kisha makundi matatu tu yajibu na mengine yaongeze ambacho hakijasemwa. Mkifanyia mafunzo haya kwenye ukumbi wa watu 20 bila kuigiza msongamano, mwalimu atadhani mbinu hazimhusu.

Mwalimu anayevuta sigara anaweza kufundisha madhara yake?

Anaweza, mradi asivute mbele ya wanafunzi na asidanganye akiulizwa.

Tutajuaje kwamba mafunzo yamefaulu?

Mtihani wa maswali 10 hadi 15, ule ule kabla na baada, unaonyesha maarifa tu. Fomu ya "umeridhika?" inaonyesha kwamba ukumbi ulikuwa mzuri. Kipimo cha kweli ni mtu kwenda kukaa nyuma ya darasa ndani ya wiki 6, akitazama somo la dakika 40 na kuzungumza na mwalimu dakika 20 baadaye. Atazame mambo machache: lengo ni tendo? Taarifa ni sahihi? Wanafunzi walifanya mazoezi au walisikiliza tu? Mwalimu alijibuje swali gumu? Kisha achague wanafunzi watano na kuwaomba waonyeshe walichofundishwa. Kuhusu tabia zao binafsi, dodoso liwe bila majina. Kamwe usiwaambie wanyooshe mikono.

Kama hakuna mtu wa kutembelea shule, ndiyo faida ya kuleta walimu wawili: watazamane, kwa karatasi ile ile ya uchunguzi waliyoizoea mafunzoni.

Mwalimu aondoke na nini mkononi?

Maandalio matatu aliyokwisha kuyajaribu na kuyarekebisha, karatasi ya uchunguzi, ukurasa wa huduma za msaada, na tarehe ya somo lake la kwanza, ndani ya siku 14, ikiwa imeandikwa kwenye ratiba na kutiwa saini na mwalimu mkuu kabla hajapanda gari la kurudi.